Kahawa Ndani ya Bahasha

Wodi yetu ya wazazi ilikuwa na kuta nzuri za tofali, madirisha yenye wavu, vitanda vya chuma vilivyoletwa kwa meli kutoka Mwanza, na paa la nyasi ambalo mvua ililipuuza. Nasema ililipuuza kwa sababu sioni neno jingine. Mvua ilipita kana kwamba hapakuwa na kitu juu, ikashuka mpaka kitandani, na mimi mkunga nikawa nawahamisha wazazi kutoka pembe hii kwenda pembe ile, huku beseni likinisubiri katikati. Nilikuwa nawaambia wasukume, na mimi mwenyewe nasukuma kitanda.

Hiyo ilikuwa zahanati ndogo upande wa Muleba, miaka ile Waingereza walipokuwa bado wanatutawala. Kila kitu tulichohitaji, sabuni, mafuta ya taa, hata ufagio, kilianza safari kwa mkubwa wa gombolola, mtawala wetu wa karibu, kikaenda bomani Bukoba kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kikarudi kwa mkubwa wa gombolola, na mwisho kikanifikia mimi kikiwa pungufu au kikiwa si chenyewe. Niliwahi kuomba wembe nikaletewa jembe. Sikulirudisha, nililimia maharage nyuma ya jiko, maana kulirudisha kungechukua muda mrefu kuliko kuvuna.

Kuhusu paa, kila mtu alijua ugonjwa wake. Mkubwa wa gombolola alikuwa na shemeji, na shemeji alikuwa na tabia ya kuuza. Alituuzia miti ya kenchi iliyoliwa na mchwa hata kabla hatujaipandisha. Alituuzia nyasi za mwaka juzi. Ukilalamika, unaambiwa shemeji ni mtu wa watu. Ni kweli, alikuwa mtu wa watu; tatizo ni kwamba watu hao hawakuwa sisi.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyelipia. Alikuwa ameolewa kijiji cha pili, na mimba yake ya kwanza iliharibika mapema, kama zinavyoharibika. Ya pili ilifika. Alikuja kwangu tumbo likiwa limeshuka, akakuta wodi imefungwa, nusu ya paa imeporomoka kwa mvua, nami nimeitwa upande wa pili wa mlima kwa mzazi mwingine. Akarudi nyumbani kwake kwa miguu. Alijifungulia huko na shangazi wa mumewe, na mtoto, ambaye kwa mikono yangu angekuwa mzima, kwa sababu alikuwa ametanguliza miguu tu na hilo nimelifanya mara nyingi, hakulia. Mdogo wangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliniambia tu, "Dada, siku nikipata tena, nitazalia kwako, hata kama nitakaa mlangoni mwezi mzima."

Akapata tena. Hesabu yake iliangukia wakati wa senene, na wakati wa senene kwetu ni mvua juu ya mvua. Kwa hiyo mwaka ule sikuwa na shida nyingi duniani. Nilikuwa na moja: nilitaka paa kabla ya senene.

Basi mjue nilivyofurahi aliposhuka Bwana Shauri mpya, kijana mwekundu mwenye soksi ndefu, akaitisha baraza na kusema mambo ya shemeji yamekwisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni lakini kilisikika. Alisema fedha ya umma ni jasho la mkulima wa kahawa, na isinunue tena miti iliyooza. Kuanzia sasa kila kazi itatangazwa kwa tenda. Anayeitaka ataandika bei yake, ataifunga katika bahasha, ataitia ndani ya sanduku lenye kufuli. Siku ikifika sanduku litafunguliwa mbele ya mashahidi, na mwenye bei ndogo atapewa kazi.

Nilipiga makofi. Nayasema haya ili msije mkadhani nilikuwa adui wa maendeleo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mzee mmoja akasimama, akavua kofia. "Waitu, Bwana Mkubwa. Huyu mtu akishaingia ndani ya bahasha, sisi tutamjuaje?"

"Hamtamjua," akasema Bwana Shauri, amefurahi kuulizwa. "Hiyo ndiyo haki yenyewe."

Mzee akaketi. Nikasikia akimnong'oneza jirani yake kwa Kihaya kwamba hata ng'ombe huwezi kumnunua bila kumtazama meno.

Aliyekuwa na uwezo wa kazi ile alijulikana. Ng'ambo ya kibanja cha ndizi kilichopakana na zahanati aliishi mzee mwingine, fundi wa kuezeka, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa mushonge, ile nyumba yetu ya msonge ambayo nyasi zake zinaanzia kileleni na kushuka mpaka chini. Watoto wake walikuwa wakimsihi ajenge ya bati kama watu, naye akawa anawajibu kwamba bati linapiga kelele. Alikuja kwangu nimwandikie barua ya tenda. Niliandika vizuri, kwa herufi za kusomeka, nikasoma mbele yake, akatia dole gumba. Bei yake ilikuwa ya mtu anayetaka kazi. Akaondoka na barua na bahasha, akasema ataifunga nyumbani kwa utulivu. Nililala vizuri.

Siku ya kufungua sanduku niliitwa bomani niwe shahidi upande wa zahanati. Nilipanda lori la kahawa mpaka Bukoba, nikapanguswa vumbi na upepo wa ziwa, nikaingia ofisini nimevaa sare yangu nyeupe iliyokuwa nyeupe asubuhi. Walikuwapo Bwana Shauri na karani wake, mtoto wa Kashozi aliyesoma kwa mapadri, mwenye kalamu mbili mfukoni. Sanduku likafunguliwa. Bahasha zilikuwa tatu.

Bwana Shauri akaikata ya kwanza. Kabla karatasi haijatoka, zikamwagika mezani punje za kahawa, zilizofungwa kwa ganda kavu la mgomba, nalo likafunguka. Zikabingirika mpaka kwenye wino.

Nami nikajua ni ya nani, na nikajua kilichotokea kana kwamba nilikuwapo. Kwetu, mtu haendi kwa mtu kuomba jambo la maana mikono mitupu. Kahawa inachumwa ikiwa mbichi, inachemshwa na majani yake ya kunukia, inakaushwa, na mgeni akiingia hata kabla ya salamu kuisha unamletea kikapu kidogo atafune. Anayekupa kahawa anakwambia: niko mbele yako na moyo mweupe. Mzee alikuwa amezuiwa kuonekana uso. Alifanya nini basi? Aliitanguliza kahawa yake ndani ya bahasha, imsalimie Bwana Shauri kwa niaba yake.

"Hii ni nini?" akauliza Bwana Shauri.

Nikamweleza. Nilieleza kwa adabu, mara mbili. Karani angeweza kunisaidia. Meno yake yalikuwa yanaonyesha kabisa kwamba ametafuna asubuhi hiyo hiyo. Lakini aliiangalia meza kana kwamba hajawahi kuiona kahawa tangu azaliwe Buhaya.

"Nimekuelewa, Mkunga," akasema Bwana Shauri, na sauti yake haikuwa mbaya, ndiyo maana iliniudhi zaidi. "Lakini hata rushwa huanza kama heshima. Shemeji naye alianza hivyo. Nikikubali kahawa leo, kesho watatia mbuzi."

"Mbuzi haenei kwenye bahasha, Bwana."

Karani akakohoa. Bwana Shauri hakucheka. Akaweka bahasha ya mzee pembeni, akakata ya pili, ya fundi mmoja wa Rubafu ambaye sikumjua. Kahawa ikamwagika tena.

Nikatamani ardhi inimeze, au immeze yeye, mmoja wetu. Nilimwambia watu wawili wasiofahamiana, wanaotoka pande mbili za nchi, hawawezi kupatana kumhonga kwa punje za kutafuna ambazo hata mtoto akilia anapewa. Akasema sheria haichagui. Bahasha ya tatu ilikuwa safi, nyembamba, imepigwa pasi. Ilikuwa ya mfanyabiashara wa mjini hapo hapo Bukoba, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mwenye duka la kanga na mafuta ya taa. Huyo alitia kilichotakiwa tu, karatasi yenye bei. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko za wale wawili, lakini za wale wawili zilikuwa zimekwisha kutupwa. Kwa hiyo akashindana peke yake, akawa wa kwanza.

Nilirudi Muleba juu ya magunia matupu, nimekaza meno. Mdogo wangu alikuwa amekuja kunitembelea, ameketi nje ya wodi akichambua mboga. Akaniuliza paa limepata mtu? Nikamwambia limepata. Sikumwambia zaidi.

Mzee nilimweleza kesho yake. Alinisikiliza, akatazama chini, akasema, "Kwa hiyo alidhani ninamnunua?"

"Ndivyo alivyodhani, tata," nikamjibu kama binti kwa baba.

"Kwa kahawa?" Akafikiri. "Mtu wa bei gani huyo?"

Basi tukangoja. Kiangazi chote kikapita kikavu, siku za kuezeka hasa, nyasi za mlimani zikiwa zimekomaa na kusimama zenyewe. Mkataba ulikuwa unasubiri sahihi. Sahihi ilikuwa imesafiri kikazi. Iliporudi, ikakosekana hati ya kuthibitisha kwamba tunalo jengo. Nikaandika kwamba jengo tunalo, nimesimama ndani yake, na ninaona mawingu. Nikarudishiwa barua, kwamba niandike upya nikiondoa habari za mawingu.

Nyasi zikafika mvua zilipokwisha kuanza. Zililetwa na lori, zimelowa, za kijani bado, zimekatwa kwenye matope ya kando ya ziwa kwa sababu huko ndiko lori lilikoweza kufika. Mfanyabiashara alikuja mwenyewe, amevaa kanzu, amepandisha pindo lisiguse tope. Alikuwa mtu mwema, na hapo napo nikanyimwa mtu wa kumchukia.

"Mzee wangu, hizi ni nyasi za kulalia vyura," nikamwambia.

Akazishika, akanusa vidole. "Mama, mimi ni mtu wa kanga. Karatasi ilisema nyasi, mizigo kadhaa. Haikusema nyasi gani wala za wakati gani. Niliuliza bomani, nikaambiwa nifuate karatasi." Akatikisa kichwa. "Kwetu wanasema rahisi huvunja upishi. Na hii hata rahisi haikuwa."

Vijana wake wa mjini wakazipandisha. Mkaguzi akaja, akahesabu mizigo, akakuta idadi ni sawa, akaweka sahihi na kuondoka kabla hajanywa maji. Wiki ile ile mvua ikanyesha sawasawa, na paa jipya likavuja kuliko la zamani. La zamani angalau lilivuja maji. Hili lilivuja maji ya rangi ya chai, yenye harufu, na wadudu wembamba ndani yake. Nilitoa magodoro. Nilipeleka taarifa bomani. Nikajibiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha wodi imeezekwa.

Senene walianza kuruka, watoto wakawa wanawakimbiza na makopo, watu wote wana furaha, na mdogo wangu akaja akishika kiuno. Uchungu ulikuwa umeanza njiani. Alisimama mlangoni mwa wodi akatazama ndani, vitanda vimesogezwa ukutani, sakafu inang'aa maji. Akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa ule ule wa mtu anayegeuka kurudi nyumbani kwake kwa miguu, na mimi nilisikia hasira ambayo mkunga hatakiwi kuingia nayo kazini.

Yule mzee alikuwa kwenye kibanja chake akitegemeza mgomba. Aliona. Aliacha mti aliokuwa ameushika, akaja upenuni, akasema, "Mlete kwangu, muhala wange, binti yangu. Kwangu hakuvuji."

Tukamvusha kibanja kati ya migomba, mimi upande mmoja, mke wa mzee upande wa pili, mvua ikitupiga. Mzee akawatoa wanaume wote, akajitoa na yeye, akaenda kukaa kwa nduguye. Ndani ya mushonge ule mlikuwa mkavu, na nyasi safi zimetandikwa sakafuni, na moto unawaka. Sikieni jambo hili: mvua ile kubwa ilisikika juu yetu kama mtu anayepepeta ulezi nyumba ya jirani. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, kama mwenzake. Nilifanya kazi yangu. Mdogo wangu aliuma kanga yake. Mtoto wa kike akatoka, akanyamaza kidogo, muda wa kunitoa roho, kisha akalia kwa ghadhabu, sauti ya mtu aliyekuja kudai kitu.

"Kasinge," akasema mke wa mzee, akimpongeza mzazi kwa kikwetu, akaanza kucheka. Mdogo wangu naye akacheka. Mimi nililia, tena kwa sauti, na wala sikuona aibu.

Tangu hapo wazazi hawakuingia tena wodini. Nani angewaambia waingie? Walipita mlango wake, wakapita kwenye ndizi, wakaenda kwa mzee, na mimi nikawafuata na mkoba wangu.

Bwana Shauri alikuja kukagua kabla mvua hazijaisha. Nilimwonyesha wodi. Akasimama katikati, tone likamdondokea shingoni, akafuta, akaandika. Nikamwonyesha vitanda, akaandika. Mvua ikazidi, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pakavu serikalini, nikampeleka kwa mzee.

Tulikaa kwenye nyasi za sakafuni. Mzee alimpokea kama anavyopokea mtu yeyote. "Nyegera, waitu." Akaleta kikapu kidogo chenye kifuniko, akakifungua. Bwana Shauri alikuwa amekaa Bukoba kiasi cha kujua adabu. Akachukua punje mbili, akatia mdomoni, akatafuna, akasema ni nzuri.

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Sikuweza.

"Bwana, hiyo unayotafuna ndiyo rushwa uliyoikataa. Ni ya mtu huyu huyu, kutoka kikapu hiki hiki."

Taya zake zikasimama. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaitazama nyumba, juu mpaka kileleni, mahali ambapo hapakuwa na tone. Nadhani alielewa. Hata leo nadhani alielewa, na ndiyo maana sijamsamehe. Alimeza, akasema polepole, "Hapa niko nyumbani kwake, Mkunga. Kule ilikuwa tenda."

Mzee akaniuliza kwa Kihaya anasema nini. Nikamwambia anasifu kahawa.

Mwaka uliofuata lilitoka tangazo jipya la kuezeka upya wodi. Nililisoma kwa haraka nikitafuta palipoandikwa nyasi za mlimani, au za kiangazi, au kwamba mtu aonyeshe nyumba aliyowahi kuezeka. Hapakuwa. Yalikuwa maneno yale yale, ila yaliongezwa mengine mwishoni: bahasha yoyote itakayokutwa na kahawa haitasomwa. Nilimsomea mzee. Akauliza, "Sasa mtu atie nini kuonyesha kwamba ni mtu?" Nikamwambia bei tu. Akasema atawaachia wenye bei tu.

Mdogo wangu alirudi kuzaa tena, safari hii wakati wa jua, na wodi ikiwa na nyasi mpya. Hakugeuza hata kichwa. Alipita mlango, akaingia kwenye ndizi kana kwamba ndiko zahanati ilikoanzia. Nilikuwa bado ninamwosha mtoto, wa kiume huyu, tarishi alipofika na barua ya bomani, nikaisoma hapo hapo mikono ina sabuni.

Ilikuwa barua ya pongezi. Gharama za wodi yetu zilikuwa zimepungua kuliko za wodi yoyote: sabuni kidogo, mafuta ya taa kidogo, mashuka hayajachakaa. Bwana Shauri aliniomba nieleze kwa maandishi njia niliyoitumia, ili wengine waige.

Niliwasomea. Mke wa mzee alidhani ninatunga. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika tumbo lake lenye maumivu. Nikamkabidhi mtoto, nikapangusa mikono, nikaandika jibu kwenye goti langu: "Bwana, hakuna anayezalia humo." Nikakunja karatasi, nikaitia ndani ya bahasha.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, anangoja ruhusa ya kuingia kumwona mtoto. Akaniona nataka kulamba gundi.

"Ngoja, muhala wange," akasema. "Mtu mkubwa hajibiwi mikono mitupu." Akaenda kwenye kile kikapu, akarudi na punje chache zilizofungwa kwa ganda kavu la mgomba, akaninyooshea.

Nilizitia ndani. Bahasha ilivimba kidogo pembeni, na nikaifunga hivyo hivyo, nikampa tarishi.